Aonje Kwanza Aliyeleta

Ijumaa, jua halijazama. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini migomba bado inadondosha maji na ukungu umelala mabondeni. Nimeketi barazani na blanketi mabegani. Moyo wangu hauna raha, tena hauna imani na mtu.

Binti yangu Kokushubira, ambaye sote humwita Koku, anataka kuchanjwa kesho kwa dawa ya serikali. Anataka alama ya chanjo mkononi ili askari wamruhusu kuvuka kamba waliyoifunga barabarani, aende Nkwenda kwa mumewe Eliasi, ambaye ni mgonjwa wa ndui. Hadi mchana wa leo jibu langu lilikuwa hapana. Tangu alasiri sina jibu hilo tena, nami ninaandika ili nijue nimebaki na nini.

Nitaeleza mambo kwa mpangilio wake, kwa maana siku hizi kila mtu anasimulia kuanzia mwisho.

Ugonjwa huu ulianza kutajwa wakati wa mavuno ya kahawa. Waliotoka sokoni Nkwenda walisema wapo wachukuzi wa magunia kutoka ng'ambo ya mpaka, wamelala ndani ya banda la kahawa wakiwa na homa na vipele. Jumapili iliyofuata, Mkungu Bitegeko, yaani mkuu wa kijiji chetu ambaye hutuletea maneno ya boma, alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akatangaza kwamba ni tetekuwanga tu. Watoto huipata na kupona. Watu wasiogope, wasiache kuchuma kahawa, na zaidi ya yote wasiache kufyeka barabara, kwa kuwa mkubwa fulani wa serikali angepita kukagua.

Sikupendezwa. Mtu anayeujua ugonjwa huutaja akanyamaza. Huyu alikuwa akitubembeleza.

Mimi niliugua ndui nikiwa mtoto mdogo. Uso wangu unashuhudia. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniita Chujio, wakidhani sisikii. Nilisikia. Kwa hiyo nilipokwenda Nkwenda kumsalimu Koku na mumewe, nilipita kwenye banda lile kwa makusudi. Mchukuzi mmoja alikuwa amelala juu ya magunia matupu, miguu nje ya mlango, na nyayo zake zilikuwa zimejaa vipele. Tetekuwanga hupenda tumbo na mgongo. Ndui hutafuta uso, viganja na nyayo. Bibi yangu aliyeniuguza alinionyesha nyayo zangu mwenyewe mara nyingi baada ya kupona, ili nisisahau kumshukuru Mungu. Sikuhitaji kusogea karibu.

Eliasi hufanya kazi katika banda hilo. Yeye ndiye anayeshona midomo ya magunia. Nilimwambia nilichokiona. Akacheka kwa adabu.

"Baba, nikikimbia vipele vya mtu mwingine, tajiri atasema nini?"

"Atasema u hai."

Hakuacha kazi. Lakini alikubali nimchukue Koku, kwa kisingizio kwamba mama yake hapa Igurwa alikuwa na kahawa nyingi ya kuanika. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewatenganisha. Niliona nina haki, na bado naona nilikuwa nayo, lakini haki hiyo Koku huimeza kila siku pamoja na ndizi zangu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Mkungu.

"Ni ndui," nikamwambia.

"Mwalimu, boma limesema tetekuwanga."

"Boma limeona nyayo za mgonjwa?"

"Wewe umefundisha watoto kusoma tangu enzi za marehemu baba yangu. Lini ulifundisha vipele?" Kisha akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Subiri mgeni apite."

Subiri mgeni apite.

Mgeni alipita. Tuliitwa Nkwenda, watu wa vijiji vyote, tukasimama bega kwa bega kando ya barabara tuliyoifyeka wenyewe, wakulima na wafugaji walioshuka na maziwa ya zawadi. Koku nilimwacha nyumbani. Eliasi alikuwa miongoni mwa waliobeba viti. Ngoma zilipigwa, mgeni akaonyeshwa banda la kahawa, limefagiwa na kupakwa chokaa, nao wachukuzi wagonjwa hawakuwamo. Niliuliza walipelekwa wapi. Niliuliza tena na tena. Nimejibiwa leo tu, nami nitaliandika hilo mahali pake.

Baada ya siku chache kamba ilifungwa kukatiza barabara ya Nkwenda, na askari wakawekwa. Mkungu yuleyule akasimama mahali palepale nje ya kanisa akatangaza kwamba ni ndui, tena ndui kali, na kwamba atakayevuka bila alama ya chanjo atafungwa. Hakusema kwamba walikosea. Hakusema hata kwamba Jumapili nyingine alituambia vingine. Alizungumza kana kwamba tetekuwanga ilitangazwa na mtu mwingine katika nchi nyingine.

Basi nauliza: ugonjwa ndio uliobadilika, au ni mgeni aliyeondoka?

Jumanne nilikwenda na Koku kwenye kamba. Watu husimama huku na ng'ambo wakizungumza kwa kupaza sauti, na hakuna siri tena katika nchi hii. Mwanamke mmoja alikuwa akimweleza mama yake jinsi ya kumkamua ng'ombe wake mkorofi, hata sote tukazijua tabia za ng'ombe huyo. Ndipo jirani wa Eliasi akatuona, akaja hadi karibu na askari.

"Eliasi ameshikwa," akasema. "Hatoki nje. Namwekea maji mlangoni."

"Anayanywa?" Koku akauliza.

"Asubuhi nakuta chungu mahali pale pale. Lakini maji yamepungua."

Koku aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa kitu kizito mkononi. Hakulia. Askari, ambaye bila shaka ana dada zake mahali fulani, akamwambia, "Dada, niletee alama ya chanjo. Nitakufungulia mwenyewe."

Tangu siku hiyo Koku hana mazungumzo mengine.

Leo asubuhi dresa wa serikali, yaani msaidizi wa daktari, alikuja, kijana anayeitwa Yusto, mzaliwa wa Tabora. Aliweka meza yake mbele ya nyumba ya Mkungu, akawasha taa ya spiriti, akapanga vichupa na sindano juu ya kitambaa cheupe. Watu walikuja wengi. Hilo lilinishangaza. Walikuja na watoto, wameoga, wamevaa nguo za kanisani licha ya manyunyu. Wakaketi juu ya nyasi zilizotandikwa chini ya paa la kibanda, wakamtazama.

Hakuna aliyesimama.

"Karibuni," akasema dresa. "Haiumi. Ni kama kukwaruzwa na paka."

Wakaendelea kumtazama. Akageuza vichupa vyake, akapangusa sindano, akarudia kukaribisha kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayedhani tatizo ni masikio. Mimi nilielewa wanachongoja. Sikusema neno, kwa sababu nilitaka kuona atafanya nini.

Katika nchi hii anayekukaribisha huonja kwanza. Akikuletea rubisi, pombe yetu ya ndizi, huinua kibuyu akanywa mbele ya macho yako, ndipo akupe. Akikupa kahawa ya kutafuna, huchukua punje kutoka katika kikapu kilekile, akatafuna, ndipo akusogezee. Asipofanya hivyo hutamlaumu wala hutamuuliza sababu. Hutakunywa, basi. Wazee wetu waliishi zama ambazo sumu ilisafiri ndani ya vibuyu, na adabu hii ndiyo waliyotuachia. Mtoto wa hapa huijua kabla hajajua kuhesabu.

Dresa alisema karibuni, na hakuonja.

Mwishowe Ta Rwegasha (Ta kwetu ni kama Bwana), mfugaji mzee ambaye hajawahi kuogopa kusema, akaegemea fimbo yake.

"Bwana Dresa, tunakungoja."

"Nami nawangoja ninyi, mzee."

"Basi onja."

Dresa akacheka. "Hii hainywewi, mzee wangu. Ni ya kuchanja ngozi."

"Sijasema unywe. Jichanje."

"Mimi nilichanjwa zamani." Akakunja shati akaonyesha kovu begani.

Rwegasha akasogea, akalitazama kovu lile kama anavyomtazama ndama anayeuzwa kwa sifa nyingi. "Hiyo ni pombe ya jana, tena ulinyweshwa kwenu. Sisi tunakuuliza kibuyu hiki."

Watu wakacheka. Dresa akawa mwekundu wa macho. Akasema ana amri kwamba dawa isipotezwe kwa mtu aliyekwisha chanjwa.

"Amri!" akasema Rwegasha. "Mlipochanja ng'ombe wangu mlikuja na amri vilevile. Fahali wangu alikufa ana cheti kwamba ni mzima. Cheti ninacho bado. Fahali sina."

"Mkungu basi aonje!" mwanamke mmoja akaita kutoka nyuma. "Ndiye anayetuletea kila kitu!"

Mkungu alisema tumbo linamsumbua tangu jana.

"Sindano ni ya mkono, Mkungu! Tumbo liache nyumbani!"

Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe. Kisha mtu akataja jina langu, nami nikasimama, kwa kuwa heshima ilinitaka nisimame. Rwegasha akanipungia mkono. Yeye ni rika langu na ana ruhusa ya kunitania.

"Wewe keti tu, Chujio. Ndui ilikula kwako ikashiba. Hata wakikuchanja mwili mzima hatutajua kitu."

Alikuwa na haki. Mtu asiyeweza kudhurika hawezi kuwa mwonjaji.

Ndipo Koku akasimama. Alikuwa ameketi kati ya wanawake, na aliposimama wote wakageuka, maana kila mtu anajua mumewe yuko ng'ambo ya kamba. Akapiga hatua kuelekea mezani.

"Koku, keti," nikasema.

"Baba..."

"Nimesema keti."

Sauti ya darasani bado ninayo. Koku akaketi. Kicheko kikakatika. Watu wakanitazama mimi, kisha wakaitazama meza. Mama mmoja akainuka, akamshika mtoto wake mkono, akaenda zake. Mwingine akafuata. Kabla dresa hajaizima taa yake, nyasi zilibaki na alama za makalio tu.

Nilikuwa bado karibu nilipomsikia akimwambia Mkungu, "Watu wa hapa ni wabishi."

"Sana, bwana," Mkungu akajibu. Tumbo lilikuwa limepona.

Hivyo ndivyo itakavyofika bomani: watu walikataa. Haitasemwa kwamba walikuja wameoga.

Na mimi je? Mimi ndimi niliyewatawanya. Rwegasha alikuwa akifanya mzaha, na katika mzaha wake kulikuwa na mlango. Kama dresa angeonja, wangepita. Nami nikaufunga kwa neno moja. Waliona kwamba mwalimu, aliyesoma vitabu vya watu wa serikali na kula nao, hataki mwanawe aguswe na dawa yao. Nani angebaki?

Nyumbani, mke wangu Eunike alikuwa akimenya ndizi. Koku akachukua kisu akamsaidia. Walimenya kimya mpaka nikaona afadhali wangenitukana.

"Baba, ulitaka nini pale?" Koku akauliza hatimaye, bila kuinua macho.

"Nilitaka usiwe wa kwanza kunywa kibuyu cha waongo."

"Aliyetangaza tetekuwanga ni Mkungu. Dresa hakutangaza."

"Wametumwa na mmoja."

"Kamba nayo imefungwa na huyo mmoja. Na wewe ulisema hapa hapa, kwa kinywa chako, kwamba wangeifunga mapema. Wasipofunga, wabaya. Wakifunga, wabaya. Wafanye nini ili uwaamini?"

"Wakiri kwamba walidanganya."

"Na siku watakapokiri, Eliasi atakuwa wapi?"

Eunike akaweka ndizi chini. "Mjibu, Mwalimu."

Mke wangu huniita Baba Koku. Mwalimu huniita tu anapokuwa amenikasirikia.

Nilitoka nje nikatembea kati ya migomba kama mtu anayekagua shamba, nikijaribu kujua hasa ninashuku nini. Nashuku kwamba dawa hii ni kuukuu, imeletwa ili wakubwa waseme wameleta dawa. Nashuku kwamba wanatujaribu sisi kwanza ili wajue kama inafaa kwa wengine. Wapo wanaosema alama ile ni ya kuwatambua vijana watakaopelekwa kazi za mbali. Hilo siliamini, lakini niligundua kwamba nililisikiliza hadi mwisho. Na nashuku jambo jingine ambalo si rahisi kuliandika. Nilishuku mara moja nikawa sahihi. Labda tangu siku hiyo nimeipenda shaka yangu, kama mtu aliyeokota sarafu njiani akawa hatembei tena ila macho chini.

Alasiri nilikwenda katika nyumba ya wageni ya kanisa kumhoji dresa. Nilikuwa nimepanga maswali yangu. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake akila kiazi kitamu kilichopoa, kwenye jani, peke yake. Hakuna aliyempelekea chakula. Mkungu hakumpelekea. Mgeni ameshinda kijijini kwetu, katika msimu wa mavuno, akala kiazi cha jana.

"Shikamoo, mzee," akasema, akaficha kiazi.

"Marahaba. Inuka twende nyumbani."

Niliona haya, naandika kama ilivyokuwa. Maswali yangu yote yakawa hayana mahali pa kusimama mbele ya kiazi kile.

Eunike akaandaa ndizi na maharage, na kibuyu cha rubisi. Dresa alinawa, akaketi wima kama mwanafunzi. Niliinua kibuyu nikanywa, nikampa. Eunike akachukua punje za kahawa kikapuni, akatafuna, akamsogezea kikapu. Kisha nikamega ndizi upande wangu wa sinia, nikala, nikamwambia ale. Dresa alikuwa amekishika kibuyu bila kunywa, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mama, samahani," akasema. "Kwa nini kila kitu mnaanza ninyi?"

"Ili ujue kwamba kesho utaamka," Eunike akamjibu, kama mtu anayeeleza kwa nini paa lina nyasi.

Kijana akakiweka kibuyu chini polepole.

"Kumbe," akasema. "Kumbe yule mzee wa ng'ombe hakuwa akinidhihaki."

"Alikuwa akikudhihaki pia," Koku akasema.

Tulicheka sote, naye akacheka zaidi yetu, kisha akanywa. Nilingoja ale ashibe. Halafu nikamuuliza swali ambalo nimekuwa nikiliuliza tangu banda lilipopakwa chokaa.

"Wachukuzi walipelekwa wapi?"

Alitazama mlango. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwapo Nkwenda kabla ya mgeni kufika. Aliwaona wagonjwa, akapeleka habari kwamba ni ndui. Aliambiwa angoje. Aliambiwa awahamishie nyuma ya kilima, katika kibanda cha nyasi, mpaka ziara ipite. Mikeka yao aliibeba yeye mwenyewe.

"Wako wapi sasa?"

"Wengine wanapona."

"Na wengine?"

"Tuliwazika, mzee."

"Ndugu zao waliitwa?"

Alitazama mikono yake. Eunike akainuka akaondoa sinia, ingawa chakula hakikuwa kimekwisha.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Sikupata furaha yoyote. Nilimfikiria mchukuzi yule wa nyayo nje ya mlango. Huenda ni mmoja wa waliozikwa, na kwao bado wanamngojea arudi na zawadi.

"Sasa unasema," nikamwambia. "Wakati ule ulinyamaza."

"Nilikuwa na amri."

"Na ya kutoonja unayo pia."

"Ninayo."

Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama alinieleza haya kwa kuwa yalimlemea au kwa kuwa alitaka kunipata. Mtu anayehitaji kuaminiwa hutoa siri moja ili ainunue imani yako. Sina njia ya kujua. Lakini kuna jambo moja. Nilimuuliza, "Dawa hii itamkinga binti yangu?" Naye hakuapa. Alisema, "Ikishika, itamkinga. Isiposhika, nitarudia. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi." Tangu ugonjwa huu uanze, hilo ndilo neno la kwanza kutoka serikalini ambalo halikuahidi kila kitu. Nililiamini kidogo, kwa sababu lilikuwa dogo.

Akamwonya Koku kwamba, akishachanjwa, angoje kidonda cha chanjo kiive kabla ya kuingia katika nyumba ya mgonjwa. Koku alisikiliza na kuitikia kwa kichwa. Mimi namjua. Anaitikia hivyo hivyo akiambiwa asipite mtoni mvua ikinyesha.

Ghafla dresa akaanza kukunja mkono wa shati.

"Nijichanje hapa hapa," akasema. "Vichupa viko mfukoni. Ninyi mtakuwa mmeona, na dada atachanjwa nyuma yangu, na hakuna atakayenipeleka mbele ya wakubwa."

Koku akasogea mara moja, mkono tayari. Niliona hilo. Niliona pia kwamba kijana huyu alikuwa anatoa kitu ambacho hakulazimika kutoa.

"Hapana," nikasema.

Koku akanigeukia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

"Kuonja hakufanyiki jikoni," nikamwambia kijana. "Ukionja humu, umenionjea mimi. Kuna watoto waliooga asubuhi. Kesho, mbele ya nyumba ya Mkungu, Rwegasha akiwa ameketi mbele. Mimi mwenyewe nitapita nyumba kwa nyumba kuwaita."

"Mkungu ataniripoti."

"Ataripoti kwamba umeonja."

"Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu. Nina mama Tabora."

"Sikuambii ni jambo dogo."

Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Hakusema ndiyo wala hapana. Alishukuru kwa chakula, akaaga kila mmoja. Alipofika mlangoni akageuka akamuuliza Eunike, kwa uzito kabisa, kama mwonjaji hushika kibuyu kwa mkono mmoja au kwa mikono miwili.

"Kwa miwili," Eunike akamjibu. "Ili watu waone hakuna kitu kingine ulichoshika."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Sijui maana yake. Mtu anaweza kuuliza hivyo kwa kuwa amekwisha amua, au kwa kuwa anaogopa na anatafuta la kusema. Usiku una nafasi ya kutosha ya kumfikiria mama yake aliyeko Tabora. Mkungu naye anaweza kumtembelea na kumkumbusha amri. Sitashangaa nikiikuta meza haipo.

Nimekwisha pita kwa majirani kabla ya kuketi kuandika. Kwa kila nyumba nilisema maneno yaleyale: asubuhi njooni tena, mimi ndiye niliyemzuia Koku leo, kesho simzuii. Wengine waliniitikia vizuri. Rwegasha aliniuliza kama nimenunuliwa, na kwa ng'ombe wangapi. Nilimwambia kwa kiazi kimoja. Akasema atakuja, ajionee jinsi mtu wa Tabora anavyoonja.

Serikali bado siiamini. Wakinieleza kesho kwamba mvua inanyesha, nitanyoosha mkono nje kwanza. Waliwaficha wagonjwa ili barabara ipendeze, na kwa ajili ya siku hiyo moja Eliasi amelala peke yake akingoja maji ya jirani. Hilo sitalisamehe kwa sababu ya kijana mmoja mwenye adabu. Lakini kumzuia Koku hakuwaadhibu wao hata kidogo. Kulimwadhibu Eliasi.

Dresa akionja, Koku atakuwa wa pili. Asipoonja, Koku atakuwa wa kwanza. Amekwisha nieleza hivyo, na hakuniomba ruhusa. Kuhusu kungoja kidonda kiive, nitamsihi. Sitamwamuru. Tofauti ya maneno hayo mawili nimeifundisha kwa watoto wa watu wengi, nami mwenyewe ninajifunza kuitumia uzeeni.

Ameketi mlangoni sasa, penye mwanga wa mwisho, na gauni lake la kanisani magotini. Gauni lile lina mikono mirefu, myembamba, isiyokunjika kupita kiwiko. Anafumua kwa kisu mshono wa mkono wa kushoto hadi begani ili sindano ipate mahali. Mama yake amesimama nyuma yake akigomba. Gauni zuri namna hii, unaliharibu, utalishona lini?

"Nitalishona Nkwenda," Koku amejibu.

Kisu ni butu na kitambaa kinateleza. Naweka kalamu nikamshikie.